Ndururu Zenye Tundu: Namna ya Kukusanya Sarafu za Kale Meru na Embu

Sarafu za enzi za ukoloni bado zipo vijijini Meru na Embu. Zimo kwenye mikebe ya Kimbo iliyoshika kutu, kwenye viondo vilivyosahauliwa darini na kwenye udongo wa mahali palipokuwa na jiko la zamani. Nyingine zimegongomelewa juu ya paa, kwa sababu fundi aliyeishiwa na washa aliona tundu la senti tano linatosha msumari wa mabati. Nyingi huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Huko hupimwa kwa kilo pamoja na nyaya na mabomba, zikayeyushwa, na hakuna atakayejua tena zilitoka kwa nani. Kuziokoa hakuhitaji mtaji mkubwa. Kunahitaji macho, daftari na adabu mbele ya wazee.

Anza kwa kujua unachotafuta. Serikali ya Waingereza iliingia Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908, chini ya Edward Butler Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi. Kodi ya nyumba ilifuata, na pamoja nayo haja ya kupata rupia, kwa maana fedha ya nchi wakati huo ilikuwa rupia ya mtindo wa India. Kwa hiyo sarafu za kabla ya hapo ni haba sana huku bara. Zikipatikana, mara nyingi zilipanda na wafanyabiashara au misafara. Mojawapo ni pesa ya shaba ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotolewa na Imperial British East Africa Company, ambayo ilikuwa kampuni ya biashara iliyopewa mamlaka ya kutawala. Nyingine ni pesa za East Africa Protectorate zenye sura ya Malkia Victoria, za mwaka 1897, 1898 na 1899. Pesa 64 zilifanya rupia moja.

Zikafuata senti. Senti moja ya alumini ilitolewa mwaka 1907 na 1908, lakini madini hayo hayakuhimili matumizi ya huku, na kuanzia mwaka 1909 yakabadilishwa kwa mchanganyiko wa shaba na nikeli. Sarafu hizo ndogo zilikuwa na tundu katikati, na tundu lilimfaa sana mtu asiye na mfuko: alipitisha kamba, akafunga fundo, akavaa au akaning'iniza nyumbani. Halmashauri ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919. Rupia ikaondolewa, ikaja florini mwaka 1920, na baada ya muda mfupi sana ikaja shilingi. Ukikuta senti nyeupe yenye mwaka 1920, itenge na nyingine na uichunguze mara mbili. Sarafu za florini hazikudumu, na ndiyo maana ni adimu.

Sarafu utakazokutana nazo kila mara ni za baada ya hapo: senti moja, senti tano ambayo wazee wengi huita ndururu, na senti kumi. Zimetengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati kidogo, zina tundu, na upande mmoja una pembe za ndovu zilizolizunguka tundu hilo. Senti kumi ni kubwa, ina upana wa milimita 31 hivi. Zile za mwanzo zina uzito wa takribani gramu 11, na zile za baadaye karibu gramu 9.5. Weka moja kila kiganja na utaihisi tofauti hata kabla ya kuzipima.

Sasa geuza upande wa pembe uangalie kwa lenzi. Mara nyingi utaona herufi ndogo. H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham. KN ni King's Norton, pia cha Birmingham. I ni Bombay, na SA ni Pretoria, Afrika Kusini. Isipokuwapo herufi, mara nyingi sarafu ilipigwa London. Herufi hizi zina habari ndani yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia viwanda vya Uingereza vilikuwa na kazi za vita na bahari ilikuwa hatari, kwa hiyo senti za Afrika Mashariki zikapigwa India na Afrika Kusini. Ndururu ya mwaka 1943 yenye SA iliyokutwa Nkubu ni shahidi wa vita hivyo, hata kama aliyeitumia alinunulia chumvi tu.

Herufi H inatupeleka mbali zaidi, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa sababu ndipo mbinu yote ninayoipendekeza ilipotoka. Katika miaka ya 1780 Uingereza ilikuwa na viwanda na migodi mingi, lakini serikali yake haikupiga sarafu ndogo za shaba za kutosha. Wafanyakazi walidai mshahara na waajiri hawakuwa na chenji. Mwaka 1787 kampuni ya mgodi wa Parys, kisiwani Anglesey, ikaamua kupiga peni zake yenyewe kwa shaba yake. John Wilkinson, tajiri wa viwanda vya chuma, naye akatoa sarafu zenye sura yake. Wafanyabiashara wa miji mingi wakafuata, na wengi waliandika kwenye ukingo wa sarafu mahali ambapo ingepokewa na kulipwa. Mwaka 1817 Bunge likazipiga marufuku. Matthew Boulton wa Birmingham ndiye aliyeanza kupiga sarafu kwa mashine za mvuke katika kiwanda chake cha Soho. Mashine za kiwanda hicho zilipouzwa kwa mnada mwaka 1850, Ralph Heaton alinunua baadhi yake na kuanza kazi ya sarafu. Kiwanda hicho cha Heaton ndicho kilichoweka H kwenye rupia za Mombasa za mwaka 1888, na baadaye kwenye senti zilizofika Gakoromone na Runyenjes.

Watu walianza kukusanya sarafu hizo za wafanyabiashara zikiwa bado mpya. Mwaka 1798 James Conder wa Ipswich alichapisha orodha yake, na hakuzipanga kwa thamani wala kwa ukubwa. Alizipanga kwa majimbo, kila sarafu chini ya mahali pake. Huo ndio utaratibu unaotufaa. Ukipanga senti za Afrika Mashariki kwa mwaka na herufi peke yake, utapata mkusanyiko ambao mtu wa Toronto anaweza kuununua mtandaoni kwa wiki moja. Ukizipanga kwa mahali zilipotoka, yaani Laare, Muthara, Chuka, Siakago, Kiritiri, utakuwa na kitu ambacho hakipatikani kwingine popote.

Kwa hiyo daftari ni muhimu kuliko sarafu. Kila sarafu ipewe namba, na chini ya namba hiyo uandike kijiji na kata ilikotoka, ilikutwa wapi hasa, ilihifadhiwa ndani ya nini, na nani aliitumia kwa kazi gani. Andika maneno ya mzee kama alivyoyasema, kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere, na tafsiri pembeni. Andika tarehe ya kuipokea. Jina la familia liandike kwa ruhusa yao tu, na wasipopenda andika mtaa pekee. Piga picha ya sarafu ikiwa bado ndani ya mkebe wake au kwenye kamba yake kabla hujaigusa. Ukikuta senti kumi na mbili kwenye ukili mmoja, usizifungue. Ukili huo ni sehemu ya ushahidi, na fundo likishafunguliwa halirudi lilivyokuwa.

Maswali yanayofungua mazungumzo ni yale ya matumizi. Ukimuuliza nyanya, "Una sarafu za zamani?" atasema hana, na huenda akafikiri umetumwa na mtu wa mnada. Mwulize badala yake ndururu ilinunua nini dukani alipokuwa msichana, au baba yake alilipa kodi kwa kitu gani. Mwulize habari za kahawa. Wakulima wa Kiafrika wa Meru na Embu walikuwa miongoni mwa wa kwanza Kenya kuruhusiwa kupanda kahawa ya arabika, katika miaka ya 1930, wakati sehemu nyingine bado ilikuwa haki ya walowezi. Fedha ya kahawa iliingia nyumbani kwa sarafu hizi hizi. Mwulize pia sadaka ya kanisani ilikuwa kiasi gani, hasa kama yuko karibu na misheni za zamani kama Kaaga, Kigari au Chogoria. Mara nyingi baada ya maswali ya namna hiyo yeye mwenyewe atainuka na kurudi na mkebe.

Hapo adabu ndiyo kila kitu. Nenda na mtu anayejulikana pale nyumbani, salimu ipasavyo, kunywa chai, na usianze kuhesabu sarafu mkebe unapofunguka. Nunua mbele ya mwana au mjukuu mtu mzima, sema wazi sarafu hiyo inaweza kuuzwa bei gani mjini, na lipa kiasi usichoona haya kukitaja kesho yake. Anayemlipa mzee bei ya chuma chakavu kwa kitu anachojua kina thamani zaidi amemwibia, hata kama mzee amecheka na kumshukuru. Familia isipotaka kuuza, omba kupiga picha na kuandika habari. Picha nzuri yenye maelezo kamili ni sehemu halali ya mkusanyiko.

Kuna kitu kimoja ninachokushauri usikinunue kabisa: kile kibweta cha chuma cha kipande, yaani cheti cha utambulisho, ambacho wanaume walilazimishwa kuvaa shingoni kuanzia miaka ya 1920. Kitatokea, maana mara nyingi huhifadhiwa pamoja na sarafu. Kina jina la mtu na historia ya kudhalilishwa kwake. Kiache kwa ukoo, au uwasaidie kukipeleka kwenye Makumbusho ya Meru, mjini, katika lile jengo la mawe lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya.

Ukirudi nyumbani, usisafishe. Ningeweza kuandika sentensi hiyo mara kumi. Ndimu, majivu, mchanga, dawa ya meno, Brasso na chumvi na siki vyote huifanya shaba ing'ae kwa siku chache, huku vikila uso wa sarafu uliochukua miaka 80 kutulia. Rangi ya kahawia iliyokolea, au nyeusi laini, ndiyo ngozi ya sarafu na ndiyo inayoilinda. Mkusanyaji mwenye uzoefu akiona ndururu ya 1925 inayong'aa kama mpya huirudisha mezani.

Kama kuna udongo mgumu, iloweke kwenye maji yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri. Soma chupa vizuri, usije ukachukua asidi. Badilisha maji kila siku kwa siku kadhaa, kisha sugua taratibu kwa kijiti cha mbao kilicholainishwa, si kwa sindano wala brashi ya waya. Kama ni mafuta au gundi ya mkanda, tumia asetoni halisi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha iliyotiwa manukato. Ifanyie nje ya nyumba, mbali na moto. Kausha kwa kitambaa cha pamba kwa kugusagusa, kisha iache sarafu kivulini mpaka ikauke kabisa.

Angalia kijani kwa makini. Kijani kigumu, laini, kilichoshikamana na sarafu hakina shida. Kijani hafifu kilicho kama unga, ambacho ukikifuta kinarudi baada ya siku chache, ni ugonjwa wa shaba unaoletwa na chumvi pamoja na unyevu, nao hauponi kwa kuachwa. Tenga sarafu hiyo mara moja, iloweke kama nilivyoeleza, ikaushe vizuri na uiweke peke yake. Huku kwetu, kuanzia kwenye majani chai ya Imenti hadi miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, mvua za Machi na zile za Oktoba hujaza nyumba unyevu. Weka vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu ndani ya sanduku la sarafu, na uvibadilishe kila msimu.

Sarafu moja, bahasha moja ya karatasi, namba juu yake kwa penseli. Epuka plastiki laini inayonuka kama pazia jipya la bafu, kwa sababu inatoa kemikali inayogeuza shaba kuwa kijani chenye kunata. Shika sarafu kwenye ukingo, kamwe si usoni, na nawa mikono kwanza. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole huweza kubaki kwenye shaba daima.

Zana ni chache: lenzi inayokuza mara kumi, mizani ndogo ya kidijitali inayopima hadi sehemu ya kumi ya gramu, kipimo cha upana na sumaku. Senti hizi za shaba hazivutwi na sumaku. Kwa utambuzi, tovuti ya Numista inaonyesha karibu kila senti ya Afrika Mashariki kwa picha, uzito na herufi, na simu yako inatosha kuifungua. Tundu nalo lichunguze. Tundu la kiwandani ni la duara kamili, limewekwa katikati na lina ukingo ulioinuka kidogo. Tundu lililotobolewa kwa msumari au drili lina kingo zenye makwaruzo. Shilingi ya kikoloni yenye simba haikutoka kiwandani na tundu, kwa hiyo iliyotobolewa ilivaliwa na mtu. Muuzaji wa sarafu ataishusha bei. Wewe andika ni nani aliyeivaa.

Kila mwanzo una sarafu zake za kufurahisha. Tafuta ndururu na senti kumi za mwaka 1936 zenye jina la Edward VIII, mfalme aliyeachia kiti Desemba mwaka huohuo kabla hajavishwa taji. Uingereza yenyewe haikuwahi kutumia sarafu zenye jina lake, lakini Afrika Mashariki ilizitumia, kwa kuwa penye tundu hapakuhitajika picha ya uso na kubadilisha maandishi kulikuwa rahisi. Si adimu, na mara nyingi utaipata kwa bei ya chai. Tafuta pia tofauti ya maneno IND IMP, mfalme mkuu wa India, ambayo yaliondolewa baada ya India kupata uhuru. Kisha zile za mwaka 1964, zenye tundu na pembe lakini bila mfalme wala malkia, zilizotangulia sarafu za Kenya yenyewe za mwaka 1966. Na ukikuta heller 20 ya mwaka 1916 yenye herufi T, tulia na uulize taratibu. Hiyo ilipigwa Tabora na Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza, na katika vita hivyo vijana wa Meru na Embu walichukuliwa kuwa wapagazi. Huenda kuna babu wa nyumba hiyo aliyerudi nayo, na huenda kuna mwingine ambaye hakurudi.

Kuhusu bei, usidanganyike. Senti nyingi za Afrika Mashariki zilipigwa kwa mamilioni na hazitakujengea nyumba. Anayekuambia kwamba sarafu ya shilingi 40 ya mwaka 2003, au ndururu ya nyanya yako, inatafutwa na tajiri wa ng'ambo kwa laki kadhaa, na kwamba utume kwanza ada ya usajili kwa M-Pesa, ni mwizi. Mnunuzi wa kweli hulipa, hatozi ada. Thamani hupanda kwa mambo matatu: hali ya sarafu, uhaba wa mwaka na herufi yake, na habari zilizoandikwa pamoja nayo. La tatu ndilo pekee lililo mikononi mwako.

Sheria nayo ijue kabla hujafika mbali. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Pesa ya Mombasa ya 1888 imo humo. Kufanya biashara ya vitu hivyo kunahitaji leseni, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Ukipata moja, fika Makumbusho ya Meru uulize kabla ya kuiuza au kuituma kokote. Usichimbe wala kupitisha mashine ya kutafuta madini kwenye maeneo ya matambiko, makaburi, au uwanja wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, pale Nchiru. Kwenye shamba la mtu, ruhusa ya mwenye shamba ndiyo ya kwanza, na kilichopatikana ni chake mpaka mkubaliane vingine.

Zungumza pia na wanunuzi wa vyuma chakavu wa soko lako. Wengi ni vijana waungwana wanaouza kwa kilo kwa sababu hakuna aliyewaambia chochote. Mwachie mmoja wao namba yako, umwonyeshe picha ya senti yenye pembe, na umwahidi bei inayozidi ya kilo. Mwombe kitu kimoja tu cha ziada: akumbuke ilitoka kijiji gani.

Mtu aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1950, akatumwa dukani Maua au Siakago na ndururu mkononi, sasa amepita miaka 80. Yeye ndiye anayejua ilinunua nini, nani alikuwa mwenye duka na chenji ilirudi kwa namna gani. Sarafu inaweza kungoja ndani ya mkebe miaka mingine 50. Yeye hawezi. Mtembelee wiki hii, ukiwa na daftari.